Neno "kucheza" linavyotuponza Kihoto

Mgeni afikaye Kihoto, hapa Naivasha, jioni ya Jumamosi hana haja ya kuuliza vijana wako wapi. Na afuate kelele tu. Kando ya njia ya vumbi, baina ya muuza makaa na kinyozi, pana kibanda cha mabati chenye runinga mbili, benchi la mbao na gunia lililotundikwa mlangoni ili jua lisififize picha. Ndani wamebanana wavulana wanane au tisa. Wawili wameshika vidhibiti, waliobaki wanangoja zamu huku wakitoa mawaidha ambayo hakuna aliyeyaomba. Mechi moja ya soka ni shilingi kumi. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki.

Vibanda vya namna hiyo ndivyo vilivyoshtakiwa katika mkutano wa wazazi niliouhudhuria muhula uliopita katika shule moja ya hapa. Nasema vilishtakiwa kwa sababu kikao kile kiligeuka kuwa mahakama isiyo na wakili wa upande wa pili. Mzazi mmoja alisema gemu zimemfanya mwanawe kuwa bubu nyumbani. Mwingine akasema zimemtia wazimu. Wa tatu akataka chifu aje na askari wavunje mabati hayo kabla ya jua kutua. Mwenyekiti aliponiona nimekaa nyuma akasema kwa furaha, "Tunaye daktari hapa. Atatueleza gemu zinafanya nini kwa akili za watoto wetu."

Nililazimika kusimama na kukiri kwamba udaktari wangu ni wa isimu, na kwamba wagonjwa wangu ni vitenzi na viambishi. Watu walicheka, mkutano ukaendelea, na azimio la kumwendea chifu likaahirishwa hadi kikao kijacho. Hata hivyo swali lile halikuniacha. Nilipolitafakari kwa majuma kadhaa nilitambua kwamba mwenyekiti hakuwa amekosea sana kumuuliza mtu wa lugha, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu imo ndani ya neno moja tunalolitumia kila siku bila ya kulichunguza. Neno lenyewe ni "kucheza".

Hebu tulitazame. Kwa Kiswahili mtu hucheza mpira na hucheza ngoma. Hucheza bao, karata na drafti. Mama wa Kitanzania hucheza upatu, nasi hatumwiti mzembe kwa hilo, bali twamsifu kwa kuweka akiba. Skrubu iliyolegea tunasema inacheza. Mwerevu humchezea mjinga shere. Na mtu anayeweka fedha zake rehani kwa kutumaini bahati, yeye naye twasema anacheza kamari. Kitenzi ni kile kile. Mtoto anayerusha mpira wa matambara na mtu mzima anayepoteza kodi ya nyumba wote wawili "wanacheza".

Tusidhani kwamba Kiingereza kimetushinda katika jambo hili. Sheria yetu ya kamari ya mwaka 1966, iliyodumu karibu miaka sitini, ilibeba katika jina lake neno "gaming" kwa maana ya kamari ya mezani na ya mashine. Shirika la Afya Duniani nalo limelichukua neno hilo hilo na kulitia katika orodha yake mpya ya magonjwa kwa maana ya michezo ya video. Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliwahi kuniletea makala ambamo maana hizo mbili zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba mgonjwa wa aya ya kwanza alikuwa akicheza soka ya runinga, na yule wa aya ya tatu, ambaye kwa mujibu wa mfasiri alikuwa mtu yule yule, alikuwa kasino. Nilimpunguzia alama. Leo namhurumia.

Mintarafu ya orodha hiyo, ni vyema walimu wajue inachosema, maana wengi wamekisikia kwa mbali tu. Mwezi Mei mwaka 2019 nchi wanachama wa shirika hilo ziliidhinisha toleo la kumi na moja la orodha ya magonjwa, nalo likaanza kutumika rasmi Januari 2022. Ndani yake mna ugonjwa wa kushindwa kujizuia kucheza michezo ya video, nao umewekwa kando kwa kando na ugonjwa wa kamari, chini ya kichwa kimoja cha maradhi yatokanayo na mazoea yanayomtawala mtu. Dalili zake si nyingi. Mgonjwa hawezi tena kujiwekea kiasi. Mchezo unatangulizwa mbele ya mambo mengine yote, yakiwamo chakula, masomo na usafi wa mwili. Tena anaendelea kucheza hata baada ya kuona madhara kwa macho yake. Hali hiyo, kwa kawaida, sharti idumu kwa muda wa miezi kumi na miwili au zaidi, na iwe imeuharibu vibaya mwenendo wake wa maisha.

Miezi kumi na miwili, msomaji. Mvulana aliyekaa kibandani saa nne siku ya Jumamosi, akakosa kuchota maji, akachapwa na mamake, hajafika huko. Huyo ni mtoto mtundu, na utundu haujawahi kuwa ugonjwa.

Wako wataalamu waliopinga hata uamuzi huo wa shirika. Walidai kwamba ushahidi ulikuwa haujatosha, na kwamba vijana wengi wazima wangebandikwa jina la ugonjwa kwa sababu tu wazee hawaupendi mchezo wao. Ubishi huo haujaisha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wachezaji karibu elfu 39 wa michezo saba mbalimbali. Hawakuwauliza wachezaji hao wamecheza saa ngapi, kwa kuwa binadamu hudanganya, hata nafsi yake. Walizichukua saa hizo kutoka kwenye kumbukumbu za kampuni zenyewe. Walichokigundua ni kwamba wingi wa saa haukuwa na athari ya maana, kwa heri wala kwa shari, katika raha ya nafsi. Kilichokuwa na uzito ni nia. Aliyecheza kwa kupenda alikuwa na hali njema kuliko yule aliyehisi kwamba analazimika kucheza. Naongeza upesi kwamba wachezaji hao walikuwa watu wazima, na kwamba sidhani hata mmoja wao aliishi Kihoto.

Mataifa mengine yamejaribu njia ya amri. Korea Kusini mwaka 2011 ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka kumi na sita kucheza michezo ya mtandaoni tangu saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo ilifutwa mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya kuonekana kwamba watoto wamehamia kwenye simu na kwamba kazi ya kulinda usingizi wa mtoto ni ya wazazi wake. Uchina nayo mwaka 2021 iliwapa watoto saa moja tu ya jioni, siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Serikali yenye uwezo wa kufuata kila simu ya kila mtoto yaweza kujaribu jambo hilo. Sisi tuna chifu mmoja na pikipiki yake.

Sasa nirudi mtaani, maana hoja isiyokanyaga ardhi ni porojo. Kihoto ni mtaa wa wafanyakazi. Wengi wa wakazi wake, kama wale wa Karagita na Kwa Muhia, huishi kwa kazi za mashamba ya maua yaliyouzunguka ukingo wa ziwa. Zinapokaribia sikukuu za Februari, Ulaya inapohitaji waridi, mama huondoka alfajiri na kurudi usiku. Nyumba aghalabu ni chumba kimoja. Mvulana wa miaka kumi na sita anayelala nyuma ya pazia na dada zake hana pa kukaa jioni isipokuwa njiani, na njiani pana mambo mabaya kuliko mpira wa runinga. Nilimwuliza mwenye kibanda, kijana wa miaka thelathini hivi, iwapo anawaruhusu watoto wenye sare za shule. Alinionyesha kipande cha boksi alichokitundika ukutani: Ukiwa na uniform, hapana. Akaongeza kwamba huwafukuza saa mbili za usiku, si kwa sababu ya sheria, bali kwa sababu mama zao wanamjua jina lake.

Kisha yakaja maji. Tangu mwaka 2020 wakazi wa Kihoto wameonja hasira ya Ziwa Naivasha, lakini yale ya Oktoba na Novemba 2025 yalipita kiasi. Maji yaliingia majumbani, vyoo vikafurika, na mashua zilizozoea kuwabeba watalii kwenda kutazama viboko zikawa zinabeba magodoro na sufuria. Maelfu ya watu walihama. Wako waliopanga upya mbali na ufuo na wako waliojisitiri kwa jamaa. Nilipopita huko katika majuma hayo niliona vibanda vya gemu vilivyo kwenye nchi kavu vimejaa kuliko kawaida. Walimu wawili niliokuwa nao walikunja nyuso. Mimi nilimwuliza mvulana mmoja kwa nini hayuko na mamake. Alijibu kwamba mamake yuko kwa shangazi pamoja na wadogo zake watatu, na huko hakuna pa kukaa. "Hapa nikicheza sisikii maji," akasema.

Sentensi hiyo ina saikolojia kuliko vitabu vingi. Kijana aliyepoteza nyumba hutafuta mahali ambapo kanuni hazibadiliki usiku mmoja, ambapo akishindwa huanza upya kwa sifuri kwa sifuri. Ukimpokonya mchezo huo bila ya kumpa kitu, umempokonya dawa ya maumivu na kumwachia maumivu. Ni kweli kwamba dawa ya maumivu haitibu mfupa uliovunjika. Ni kweli pia kwamba anayeimeza kila saa ana jambo linalohitaji kuchunguzwa. Lakini daktari mwenye akili huanza kwa kuuliza mfupa uko wapi.

Huenda msomaji akadhani kwamba nimekuja kuvitetea vibanda. La. Nimekuja kutenganisha mambo mawili ambayo kitenzi chetu kimeyafunga kamba moja, na ili niyatenganishe sina budi kusimulia jambo la aibu la nyumbani kwetu.

Dada yangu hufanya kazi ya kufungasha maua. Mwanawe, mpwa wangu, wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, mpole, hodari wa hesabu, na mpenzi mkubwa wa soka ya kibandani. Mwisho wa mwezi mmoja mamake alimwachia simu na shilingi elfu kumi na mbili ndani yake, akamwagiza atume karo shuleni, kwa kuwa yeye angechelewa kazini. Mvulana hakutuma. Aliingia katika mchezo mmoja wa kubahatisha wa simuni aliokuwa ameonyeshwa na rafikiye, kwa nia, kama alivyonieleza baadaye, ya kuzigeuza kuwa elfu ishirini na nne na kumshangaza mamake. Katika dakika kama arobaini zilikuwa zimekwenda elfu tisa.

Alilificha jambo hilo majuma matatu. Hakulala. Chakula alikigusa tu. Shule ilipomrudisha nyumbani kwa sababu ya karo aliondoka asubuhi na sare yake, akashinda ufuoni, akarudi jioni. Mamake alimpeleka kupimwa malaria mara mbili. Hatimaye dada yangu aliniita, nami nikamtoa nje tukatembea. Nilipomwambia kwa ukali kwamba amecheza kamari kwa jasho la mamake, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mjomba," akasema, "sikuwa nacheza kamari. Nilikuwa nacheza tu."

Sikudhani kwamba ananidanganya, na sidhani hivyo hata leo. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa mbele ya kioo, akibonyeza, akishinda, akishindwa, akianza upya. Simu ilimpa kioo, ikampa kibonyezo, ikampa rangi na muziki na majina ya timu alizozipenda. Hakuna mahali alipoona mpaka akauvuka. Na katika lugha yake hapakuwa na mpaka pia.

Mpaka huo, kwa hakika, unafutwa kwa makusudi. Michezo ya video ilivumbuliwa kwa ustadi wa kumfanya mtu arudi. Tangu mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapocheza mchezo wa video hutoka kemikali ile ile iitwayo dopamini ambayo huhusika na hamu na matarajio ya tuzo. Hilo pekee si ajabu. Chakula kitamu nacho huigusa. Ajabu iko katika mpangilio wa tuzo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa kibonyezo ili wapate punje, akagundua kwamba njiwa anayepata punje kwa mpango asioweza kuubashiri hudonoa kwa bidii zaidi na huacha kwa shida zaidi kuliko yule anayeipata kila baada ya idadi maalumu ya midonoo. Mashine ya kamari ni kibonyezo hicho hicho, na njiwa ni sisi. Katika soka ya kibandani mvulana akifungwa anajua kwa nini: beki wake alilala. Kesho atakuwa bora. Katika mchezo wa kubahatisha hakuna kesho ya kuwa bora, kwa kuwa hakuna ustadi wa kujifunza, ila anadanganywa na kule "kukaribia". Namba ilipita kidogo. Timu moja tu ndiyo iliyomharibia. Akili huhesabu kukaribia kama kujifunza.

Nako kamari imeingia ndani ya michezo yenyewe. Katika matoleo ya soka ya video ya kampuni ya EA, yaliyojulikana kwa jina la FIFA hadi yalipobadilishwa jina mwaka 2023, mchezaji aweza kununua pakiti kwa fedha halisi bila ya kujua ataokota mchezaji gani ndani yake. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na mapema mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kuzinunulia. Hapa kwetu sijasikia mzazi akilizungumzia jambo hilo, ilhali michezo kama Free Fire na eFootball imo katika simu za bei nafuu za wanafunzi wetu, kila mmoja na duka lake ndani.

Historia ya kamari ya simu humu nchini yajulikana, kwa hiyo nitaipitia haraka. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007. Kampuni za kubeti zilishamiri kuanzia katikati ya mwongo uliofuata. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichoyapita mataifa mengine ya Afrika yaliyohusishwa. Mashine za sarafu zilizotapakaa vijijini zilikamatwa na kuteketezwa. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuzipa leseni mpya kampuni nyingi. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku thelathini, na Agosti mwaka huo huo rais akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari. Mtoto wa chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi. Lakini simu haimwulizi mpwa wangu umri. Inauliza namba ya siri, na laini imesajiliwa kwa jina la mamake.

Kwa hiyo tunapokusanyika shuleni na kulaani "gemu", tunakipiga kibanda ambacho mlango wake unaonekana na mwenyewe anajulikana, ilhali kile kilichomnyang'anya mvulana usingizi kimo mfukoni mwetu, kimya, hakina gunia mlangoni.

Mwenzangu mmoja wa idara ya elimu, ambaye nilimsomea mawazo haya tukinywa chai, alisema mimi ni mwepesi mno kwa vibanda. Alinikumbusha kwamba humo pia vijana huwekeana dau, shilingi hamsini, mia, na kwamba wengine huanza kamari hapo hapo. Nakubali. Mwenye kibanda wetu mwenyewe alikiri kwamba hilo hutokea na kwamba yeye hujifanya haoni. Mwenzangu alisema pia kwamba usingizi unaoibwa na gemu za simu usiku huharibu masomo hata kama hakuna senti iliyopotea. Hilo nalo nalikubali bila ubishi, na ningemwomba kila mzazi aweke sharti moja tu, kwamba simu ilale mbali na kitanda. Nisiseme sana. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili chuoni nilikesha nikicheza karata siku tatu mfululizo na kuamka baada ya mtihani wa fonolojia kwisha. Waliokuwa mezani pamoja nami leo wawili ni walimu wakuu.

Tuje kwa walimu, maana safu hii inasomwa nao. Mwalimu wa ushauri nasaha katika shule zetu nyingi ni mwalimu wa somo fulani aliyebebeshwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote. Hana chumba, hana saa. Mwanafunzi huja kwake akiwa ameshatumwa kama adhabu. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Miaka imepita, na katika shule nyingi mkono wa janga hilo unaoonekana ni upekuzi wa magodoro kutafuta simu.

Ipo tena shida ya lugha ambayo naiona darasani kila siku. Vijana wetu hawana maneno ya kusema kinachowauma. Kiswahili sanifu kina "sonona" kwa huzuni ile nzito isiyoondoka, lakini neno hilo halijatoka kamusini. Kina "uraibu", neno ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu na vikorombwezo vyake, kitu cha kutafuna baraza likinoga, na ambalo sisi leo tumelitwika mzigo wa heroini, pombe na simu. Mvulana akiambiwa ana uraibu huona ametukanwa. Anawaza wavuta bangi wa mtaa wa nyuma. Akiulizwa "una shida gani?" hujibu "niko sawa". Akiulizwa "unacheza sana?" hujitetea. Mpwa wangu hakufunguka kwa swali lolote kati ya hayo. Alifunguka nilipomwuliza, "Ni lini mara ya mwisho ulitaka kuacha ukashindwa?" Alinyamaza tukapita nyumba nne hivi. Kisha akasema, "Siku hiyo, nilipobaki na elfu nane."

Swali hilo sikulitunga mimi. Ni dalili ya kwanza ya ile orodha ya Shirika la Afya Duniani, imevuliwa koti la kitabibu. Mwalimu yeyote aweza kuliuliza. Aweza kuliuliza bila ya kiboko mezani, na pasipo kuita mzazi kabla ya jibu. Akipata jibu linalomtisha, yako mahali pa kupiga simu bila malipo: 116 kwa ajili ya watoto, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Namba hizo zingestahili kuandikwa ukutani mwa madarasa badala ya baadhi ya kaulimbiu ninazozisoma huko.

Jina la mtaa wetu, kwa wasiojua Kikuyu, lina maana ya haki, na hasa ile haki inayopatikana kwa hoja: kihooto. Wazee wa Kikuyu husema kwamba kihooto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Nililitaja jambo hilo kwa mwenyekiti wa wazazi nilipokutana naye sokoni, nikamwambia kwamba tumevuta upinde dhidi ya kibanda kabla ya kusikiliza hoja. Alicheka akasema, "Daktari, hoja hazilipi karo." Sikuwa na jibu, kwa kuwa karo ya mpwa wangu niliilipa mimi.

Mvulana huyo sasa yuko Kidato cha Nne. Deni lake analilipa kwa kunisaidia kupanga vitabu siku za likizo, kwa bei ambayo tulipatana na ambayo mamake anaiona ya juu mno. Laini ya mamake imebadilishwa namba ya siri. Usingizi umerudi, ingawa si kila usiku. Jumamosi huenda bado kibandani, bila simu, na shilingi thelathini mfukoni, mechi tatu. Dada yangu aliniuliza iwapo amkataze. Nilimwambia amwache, na sina hakika kamili kwamba nilisema vyema.

Mkutano wa wazazi utafanyika tena mwezi ujao, na azimio la kumwendea chifu lingali katika ajenda. Nimeomba dakika kumi. Nitapendekeza kwamba kabla ya kuvunja mabati ya mtu yeyote, kila mzazi afungue simu yake usiku huo na kusoma orodha ya malipo yaliyotoka kwa miezi mitatu, mwanawe akiwa amekaa kando yake. Nimemwalika pia mwenye kibanda. Amekubali kuja, ila aliuliza kama mkutano utakwisha kabla ya mechi za jioni.